Fito Mbili Mpaka Kuche

Ngoma haianzi mkononi, huanza motoni. Giza likiingia, mtu mmoja hukusanya nyasi kavu, akawasha, akazielekeza ngoma kwenye joto. Ngozi ya mbuzi iliyolegea kwa ubaridi hujikaza taratibu. Mkanzaji huigonga kwa vidole, akasikiliza, akairudisha motoni, akaigonga tena. Akipunguza moto, ngoma hulia kama gunia. Akizidisha, hupasuka kabla ya wimbo wa kwanza. Nilipokuwa na miaka 13 mjomba alinipa kazi hiyo msimu mzima, nami niliipokea kama adhabu.

Na adhabu ilikuwa kweli. Kijiji chetu kiko kati ya Ruangwa na Nachingwea, na mavuno yalikuwa yamekwisha, ufuta umeshauzwa, watu wanasubiri wali wa unyago watolewe. Ya ndani ya unyago si yangu kuyasema. Nazungumzia ngoma ya uwanjani, ile ya kila mtu. Nilikuwa nimepewa zamu kwenye ngoma ndogo ambazo Wamakonde huziita vinganga: nyembamba, mguu umechongwa ncha ya kuchomekwa ardhini, zinapigwa kwa fito mbili. Kazi yake ni mdundo uleule, wa haraka, mpaka kuche. Mimi nikaona nitie madoido. Nikachomeka pigo la ziada hapa, nikaruka pigo pale, nikarusha ufito juu na kuudaka. Wenzangu wakashangilia. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akicheza katikati akasimama. Hakukasirika. Alisimama mikono kiunoni, kama mtu anayevuka mto akakuta jiwe la kukanyagia limehamishwa. Mjomba akanitoa fito mkononi, kwa upole ulioniuma kuliko kofi, akampa mwingine.

“Mpwa wangu,” aliniambia kesho yake, “wewe kanza.”

Kwenye moto uko nyuma ya wapigaji, mbali kidogo, na ngoma unaisikia kama anavyoisikia mchezaji. Siku za kwanza nilisikia ngoma kubwa tu, maana ndiyo inayosema. Inamchokoza mchezaji, inamwita, inakijibu kiuno chake, inanyamaza ghafla ili apige mguu peke yake. Usiku wa tatu au wa nne nikaanza kusikia kilicho chini yake. Vinganga vilikuwa pale muda wote, havibadiliki, na kila pigo la utani la ngoma kubwa lilikuwa utani kwa sababu vyenyewe havikuwa vikitania. Nikamtazama kijana aliyechukua nafasi yangu. Hakuna aliyemshangilia, hakuna aliyemtuza hata shilingi, na uwanja mzima ulikuwa umesimama juu ya vifundo vya mikono yake.

Miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, rafiki aliniazima kaseti ya Ramones, kundi la panki la New York. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Mpigaji wao, Tommy Ramone, mzaliwa wa Budapest, hakuwa mpiga dramu. Alikuja kama meneja. Wakawajaribu wapigaji, na waliokuja wakajaza mapigo mengi mno, basi Tommy akakaa kwenye kiti kuwaonyesha wanachotakiwa kufanya, na hakukiacha mpaka mwaka 1978. Sikiliza anavyopiga: mkono mmoja uko kwenye matuazi bila kukoma, wa pili unashuka kwenye ngoma ndogo palepale kila mara, mguu unajibu. Akitoka kwenye ubeti kwenda kwenye kiitikio hazizunguki ngoma zote ili aonekane. Anavuka tu. Nilisikiliza upande mzima wa kaseti nimesimama. Niliijua kazi ile. Niliwahi kunyang'anywa.

Kaseti ile ndiyo iliyonikamilishia jambo nililoliona nusu pale motoni. Tumezoea kumsifu mpigaji kwa kiasi chake tukiwa na maana kwamba anapiga polepole na kwa sauti ya chini. Lakini vinganga ni vikali, ukikaa karibu masikio yanalia, na panki kwa asiyeizoea ni kelele tupu. Wapigaji hawa wanatoa nguvu yote na kasi yote waliyonayo. Wanachokizuia ni nafsi. Mbwembwe hazipimwi kwa wingi wa mapigo, bali kwa swali la pigo hili limepigwa kwa ajili ya nani: aliye uwanjani anayetaka kukanyaga, au mpigaji anayetaka kutazamwa?

Kwa hiyo siipendi ile methali ya kwamba ngoma ivumayo haidumu, angalau si kwa namna inavyotumika kuwanyamazisha watu. Nimeona ngoma zikivuma tangu magharibi hadi alfajiri na ngozi zikabaki nzima, kwa kuwa zilikanzwa inavyostahili.

Wala sizikatai nakshi. Kizazi chetu kiliamshwa na Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji kipofu ambaye ngoma zake zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Alipiga ngoma nyingi peke yake, zimepangwa kumzunguka, na mikono yake ilitembea kila mahali. Sijapata kusikia pigo moja la kujigamba pale. Alikuwa peke yake, hana wa kumshikia mdundo wala mchezaji wa kumjibu, hivyo ilimbidi awe uwanja mzima. Kinachoitwa madoido kwa mtu aliyezungukwa na wenzake, kwake kilikuwa kazi ya lazima.

Ugumu wa kujizuia uko mwilini zaidi kuliko kichwani, na hapa ndipo ninapowavulia kofia watu wa vinganga. Bega lazima lishuke. Ufito unashikwa kwa vidole viwili, vingine vinauongoza tu, na ngozi yenyewe inaurudisha juu. Anayekaza ngumi hafiki saa sita. Kisha huja ule muda wa saa tisa usiku, moto umebaki makaa, wachezaji wamepungua, na mkono unatamani kubadilisha chochote ili usilale. Tamaa ya pigo jipya saa hiyo inatokana na uchovu, ingawa huja imevaa nguo za ufundi. Mpigaji mzuri huitambua na kuiacha ipite. Anarudia pigo la jioni, kwa uzito wa jioni, kana kwamba mchezaji wa mwisho aliyebaki ndiyo kwanza ameingia.

Nilirudi kijijini msimu mmoja mjomba akiwa mzee. Siku hizi kuna spika kubwa za singeli, na vijana wanazipenda, nami nazielewa. Ila wali walitolewa kwa ngoma. Mjomba alikataa ngoma kubwa, akaomba fito. Usiku kucha hakuongeza kitu. Alfajiri, wali walipotokea mbele ya mama zao, wamepakwa mafuta, nguo mpya, macho chini, mikono yake iliachana mara moja: mapigo matano, labda sita, juu ya ukingo wa mti badala ya ngozi. Mama zao wakapiga vigelegele. Yeye alikuwa ameshaurudia mdundo, na mimi nikaenda kuongeza nyasi kwenye moto.