Tafsiri za Dalili za Saratani Iliyofichika

Istilahi hupimwa kwa kazi iifanyayo, wala si kwa asili yake peke yake. Kipimo hicho ndicho tunachokitumia hapa kwa sindromu za paraneoplasia, yaani makundi ya dalili ziletwazo na saratani, lakini zisizotokana na uvimbe wenyewe kubana kiungo wala na kuenea kwake mwilini. Hutokea kwa sababu uvimbe hutoa homoni, au kwa sababu kingamwili za mgonjwa, katika kupigana na uvimbe, hushambulia pia neva zake.

Tafsiri ya kwanza imjiayo mtu ni “dalili za pembeni ya saratani.” Imeandama Kigiriki neno kwa neno, kwani “para” ni kando. Hata hivyo inapotosha kuhusu mahali. Msomaji atazitafuta dalili karibu na uvimbe, hali katika sindromu ya Lambert-Eaton uvimbe huweza kuwa mapafuni, na udhaifu ukaanzia mapajani.

Tafsiri ya pili, “athari za saratani,” inapotosha kuhusu wakati. Kwa desturi athari hufuata jambo lililokwisha kujulikana. Dalili hizi huweza kutangulia kugunduliwa kwa saratani kwa miezi, hata miaka. Mnamo mwaka 1865 tabibu Mfaransa Armand Trousseau alieleza kuwa damu kuganda mishipani bila sababu ya wazi huweza kuashiria saratani iliyofichika. Baadaye aliiona ishara hiyo mwilini mwake mwenyewe, na mwaka 1867 akafariki kwa saratani ya tumbo.

Tafsiri ya tatu, “dalili za saratani iliyoenea,” ndiyo yenye madhara makubwa. Mgonjwa atakata tamaa akidhani maradhi yamekwisha kusambaa, kumbe dalili hizo zingeweza kumfikisha hospitali uvimbe ungali mdogo.

Kuliacha neno “paraneoplasia” lilivyo kunamtosha bingwa. Mwuguzi wa zahanati na mwalimu wa afya, ambao huenda wakawa wa kwanza kumsikiliza mgonjwa, hawafaidiki nalo.

Tunapendekeza “dalili ambatani za saratani.” Neno “ambatani” walimu wanalijua katika sarufi, halitaji mahali wala wakati, bali uhusiano tu. Upungufu wake ni kwamba halidokezi kuwa dalili zaweza kutangulia. Kwa hiyo fasili yake katika kamusi haina budi kulisema jambo hilo waziwazi, na kuongeza kwamba udhaifu wa misuli au kuganda kwa damu kuna sababu nyingine nyingi zilizo za kawaida zaidi. Dalili hizi ni sababu ya kuchunguza, si uthibitisho wa saratani. Fasili isiyosema yote mawili itamchelewesha mgonjwa mmoja na kumtisha mwingine bure.