Kaburi Lisilo na Jiwe: Uhakiki wa Rejista za Maziko za Marafiki wa Uingereza

Utangulizi

Mtu anayetafuta nasaba yake nchini Uingereza aghalabu huanzia makaburini. Husoma majina yaliyochongwa kwenye mawe, huyanakili, kisha huyalinganisha na vitabu vya parokia. Utaratibu huu unamfaa mjukuu wa Waanglikana. Haumfai anayetafuta mababu waliokuwa Marafiki, yaani waumini wa Jumuiya ya Marafiki ambao pia huitwa Wakweka. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huwafahamu Marafiki kupitia misheni ya Kaimosi, iliyoanzishwa na Wamarekani mwaka 1902. Makala haya yanawahusu watangulizi wao wa Uingereza, kuanzia karne ya 17 hadi ya 19, ambao viwanja vyao vya maziko havikuwa na majina ilhali karatasi zao zimejaa majina.

Watafiti wa nasaba huichukulia rejista ya maziko kama mbadala wa jiwe: kile ambacho ardhi imekificha, karatasi imekihifadhi. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Yanadai kwamba kiwanja na rejista havisemi jambo moja. Ardhi ya Marafiki iliwalaza watu bila kuwapambanua, ilhali karatasi ndiyo iliyowapambanua. Uhakiki unaongozwa na nadharia ya Uhistoria Mpya, inayohusishwa hasa na Stephen Greenblatt, ambayo huikataa dhana kwamba waraka wa kihistoria ni kioo cha hali halisi. Kwa msingi huo, rejista inasomwa hapa kama matini yenye mwandishi, kanuni za utunzi, na mamlaka inayonufaika na kanuni hizo.

Jiwe na ukimya wake

Marafiki walilikataa jiwe la kaburi kwa sababu ileile iliyowafanya wakatae kuvua kofia mbele ya wakubwa: binadamu wote ni sawa mbele ya Mungu, na sifa za kuchongwa ni majivuno. Mwaka 1717 Mkutano wa Mwaka wa London ulielekeza kwamba mawe yaliyokuwapo yaondolewe, na mwaka 1766 suala hilo likarejewa. Kurejewa kwake ni ushahidi tosha, kwani hakikatazwi kisichofanyika. Walikuwapo Marafiki waliotaka jina la mzazi wao lionekane juu ya ardhi. Kwa hiyo, ukimya wa viwanja hivyo ni zao la mvutano, si la maafikiano pekee. Ruhusa ilitolewa mwaka 1850, nayo ilihusu mawe sahili yanayofanana, yenye jina, umri na tarehe ya kifo.

Hata pale jiwe linapoonekana, halipaswi kuaminiwa haraka. Katika kiwanja cha Jordans, Buckinghamshire, lipo jiwe lenye jina la William Penn, mwasisi wa Pennsylvania, aliyefariki mwaka 1718. Jiwe hilo liliwekwa katika karne ya 19, zaidi ya miaka 100 baada ya maziko. Linaeleza namna kizazi cha baadaye kilivyotaka kumkumbuka Penn kuliko linavyothibitisha shubiri ya ardhi alimolazwa. Mtafiti anayelipiga picha na kuliweka katika faili la ushahidi amechanganya ukumbusho na rekodi.

Tarehe na mtego wake

Rejista nayo ina lugha yake. Kwa kuwa majina mengi ya siku na miezi katika Kiingereza yalitokana na miungu ya kipagani, Marafiki waliyaacha wakatumia namba. Kwa hesabu yao, George Fox, mwasisi wa jumuiya hiyo, alifariki siku ya 13 ya mwezi wa 11, mwaka 1690. Msomaji wa Kiswahili ana hatari ya pekee hapa, kwa sababu lugha yake nayo huhesabu miezi, na kwake mwezi wa kumi na moja ni Novemba. Kabla ya mwaka 1752, hata hivyo, mwaka wa kisheria nchini Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, na Marafiki waliihesabu Machi kuwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa 11 ulikuwa Januari, na kwa hesabu ya leo mwaka huo ni 1691.

Siku zina mtego kama huo. Siku ya kwanza ya Marafiki si Jumamosi, ijapokuwa jina hilo limebeba neno mosi, bali ni Jumapili. Waswahili wa pwani, ambao huuita Mfunguo Mosi mwezi ulio wa kumi katika kalenda ya Kiislamu, wanaelewa vyema kwamba namba ya mwezi hutegemea hesabu inapoanzia. Athari ya kulisahau jambo hili si ndogo. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa 2 mwaka 1690 na kuzikwa mwezi wa 12 mwaka huohuo, kwa mtafiti anayebadili mwezi bila kubadili mwaka, hugeuka kuwa mtoto aliyezikwa Februari kabla ya kuzaliwa Aprili. Mtafiti wa namna hiyo huhitimisha kwamba walikuwapo watoto wawili, na ukoo huongezewa mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Herufi mbili

Suala zito zaidi limo katika alama ndogo. Kando ya baadhi ya majina katika rekodi za maziko huonekana herufi N.M., ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "asiye mwanachama". Watafiti wengi huzipita herufi hizo, au huzitafsiri kuwa marehemu alikuwa mgeni aliyestiriwa kwa hisani. Tafsiri hiyo ni finyu. Huenda alikuwa mtu aliyehudhuria ibada maisha yake yote bila kupokewa rasmi. Huenda pia alikuwa Rafiki wa kuzaliwa ambaye jumuiya ilimtenga.

Kutengwa kulikuwa na sababu nyingi, lakini iliyowaondoa wengi ilikuwa ndoa. Rafiki aliyeoa au kuolewa na mtu wa nje, akafungishwa ndoa na kasisi wa Anglikana, alijadiliwa katika Mkutano wa Mwezi, akatembelewa na kuonywa, na asipotubu akatengwa. Kanuni hiyo ililegezwa katika miaka ya 1859 na 1860. Sababu nyingine ilikuwa kushindwa kulipa madeni. Elizabeth Fry, aliyejulikana kwa juhudi zake za kurekebisha hali ya wanawake katika gereza la Newgate, alibaki mwanachama baada ya mumewe, Joseph Fry, kutengwa kwa sababu ya kuanguka kwa benki yake mwaka 1828. Watu wawili wa nyumba moja na meza moja waliwekwa na karatasi katika pande mbili.

Aliyetengwa hakufukuzwa ibadani, na kiwanja cha Marafiki kiliweza kumpokea alipokufa. Hapo ndipo dai la usawa linapojaribiwa. Ardhini, aliyetengwa na aliyemtenga walilala bila jiwe, bila tofauti. Katika rejista, karani aliongeza herufi mbili. Tofauti ambayo jumuiya iliona aibu kuichonga kwenye jiwe, haikuona aibu kuiandika kwa wino.

Rejista na kivuli chake

Mtafiti wa leo, isitoshe, mara nyingi hasomi rejista ya awali. Baada ya serikali kuanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwaka 1837, Marafiki walikabidhi rejista zao, ambazo sasa zimo katika Nyaraka za Taifa, Kew. Kabla ya kuzikabidhi walitengeneza nakala za ufupisho, ambazo seti yake imo katika Maktaba ya Jumuiya ya Marafiki, London. Ufupisho huo ni kazi ya uangalifu mkubwa, lakini ni utunzi mpya. Umewapanga watu kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, hivyo majirani waliozikwa katika juma moja wametawanyika. Umeacha pia majina ya mashahidi wa ndoa, ilhali hati ya ndoa ya Marafiki ilitiwa saini na waliohudhuria, na saini hizo ndizo zinazofichua nani wa familia alikuja na nani hakuja.

Kwa hiyo, herufi N.M. haziwezi kufasiriwa ndani ya rejista peke yake. Sharti zisomwe pamoja na kumbukumbu za Mkutano wa Mwezi, zikiwamo za mikutano ya wanawake iliyojiandikia kumbukumbu zake, na pamoja na vyeti vya uhamisho vilivyomtambulisha Rafiki alipohama. Humo ndimo zinamopatikana sababu ya kutengwa, majina ya waliotumwa kumwonya na, pengine, majibu yake.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba jiwe, tarehe na herufi katika rekodi za Marafiki ni maamuzi kabla ya kuwa taarifa. Mfuatano unaofaa katika kutafuta nasaba ya Marafiki si kutoka kaburini hadi karatasini na kukomea hapo, bali kutoka rejista ya ufupisho hadi ya awali, na kutoka hapo hadi kumbukumbu za mkutano uliotoa hukumu. Ukoo unaonakili N.M. na kuandika "hakuwa Rafiki" haukosei tarehe wala jina. Unarudia hukumu ya kumtenga binti aliyempenda mtu wa nje, karne mbili baada ya ardhi ya wazazi wake kumpokea bila kumuuliza.