Hoja Kiwete

Neno la Kiingereza "lame" asili yake ni kiwete. Waingereza waliliazima zamani kuutweza udhuru au hoja isiyosadikisha. Katika tamthilia ya Othello, iliyochezwa mwaka 1604, Shakespeare alilitia kinywani mwa Desdemona alipoihukumu tamati ya maneno ya Iago. Lakini mfasiri aandikaye "udhuru kiwete" hakufasiri. Kiswahili hupima maneno kwa mshiko na nguvu: udhuru huwa hauna mashiko, hoja huwa dhaifu. Tena kiwete hufika aendako, japo polepole. Hoja mbovu haifiki popote. Basi istiari hiyo yamdhulumu mtu wala haiielezi hoja. Mhakiki na aonyeshe hoja ilipokatika. Ndipo msomaji atakapojua kwa nini hakusadiki.