Mlango wa Ubavuni: Kuisoma MV Liemba kwa Umbo

Watu wa Kasulu na Kibondo wana mto Malagarasi, lakini mwenye haja ya meli hushuka Kigoma. Huko, kwenye Ziwa Tanganyika, inayotajwa kwanza ni MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande na kuungwa upya Kigoma. Ilishushwa majini 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wenyewe waliizamisha kusini mwa Kigoma, mitambo wakiwa wameipaka grisi isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jipya, hili la Liemba. Wengi tumeishia kwenye hadithi hiyo, ambayo ni jalada tu.

Mimi naanzia ubavuni. Karibu na usawa wa maji kuna mlango, na maana ya meli nzima imo humo, kwani vituo vingi vya kuelekea Mpulungu, Zambia, havikuwa na gati. Meli ilikuwa ikisimama majini na kupiga honi, boti na mitumbwi ikiikimbilia, kila nahodha akigombea kushika ukingo. Magunia ya dagaa yalipanda, madumu ya mawese yalipanda, mtoto alipokezwa mkono kwa mkono. Ndani, Liemba ilikuwa na adabu za kikoloni: daraja la kwanza juu penye upepo, la tatu chini kwenye joto. Ngazi ndizo zilizotenganisha watu. Pale mlangoni, hata mwenye tiketi ya juu alijirusha kama wenzake.

Mei 2015 umbo hilo la ubavuni lilipata mtihani wake mkubwa. Maelfu ya wakimbizi Warundi walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kisichokuwa na barabara ya kuwatoa. Liemba, yenye nafasi ya abiria wapatao 600, haikuhitaji bandari. Boti ziliwaleta hadi ubavuni. Kutoka Kigoma wakapandishwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Baadaye mwaka huohuo kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoisifu kwa uzee wake. Injini ya mvuke iling'olewa miaka ya 1970, ikawekwa ya dizeli, na Liemba haikupungua kitu. Lakini ziba mlango ule, uifanye hoteli ya watalii, na vijiji vya ufukweni havitakuwa na haja nayo tena. Fundi yeyote wa kuikarabati apime kwanza upana wa mlango, kimo chake juu ya maji, na pa kushika mkono.