Sahani, Sinia na Sumaku: Kuhusu Tafsiri Moja ya Maelezo ya Ufundi

Tafsiri iliyotufikia ni ya kurasa chache. Inamweleza fundi jinsi ya kukereza, kwa akriliki, kile kipande cha duara kinachobeba santuri katika gramafoni, ili kichukue nafasi ya kile cha alumini kilichotoka kiwandani. Kiswahili chake ni fasaha, na mfasiri amejitahidi kukwepa maneno ya kigeni. Hata hivyo, fundi akiifuata neno kwa neno atamaliza kazi, atawasha umeme, na gramafoni haitazunguka. Tumeona inafaa kuchunguza sababu, kwani kosa hilo limetokana na istilahi.

Lugha yetu si ngeni katika uwanja huu. Tangu sauti ya Siti binti Saad iliporekodiwa Bombay mwaka 1928 na santuri zake kuenea pwani, watu wamekuwa wakisema santuri, sahani ya santuri, kinanda na sindano. Kweli, wako waliolitumia neno santuri kwa mashine na wako waliolitumia kwa bamba lenye muziki, msikilizaji hakudhurika. Lakini fundi si msikilizaji. Mfasiri wetu analiita bamba lenye muziki sahani, na kile kinacholibeba anakiita sahani vilevile. Kisha anaagiza: “Sahani isafishwe kwa spiriti.” Ni ipi? Akriliki iliyotoka kukerezwa ikipakwa spiriti huweza kutoka nyufa ndogo ndogo, kwa sababu ya mkazo uliobaki ndani yake baada ya kukatwa. Neno moja kwa vitu viwili limetosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Tunapendekeza kinachobeba kiitwe sinia. Katika nyumba zetu sahani huwekwa juu ya sinia, na sinia ni la duara, pana, la kubeba. Hakuna haja ya kuunda neno jipya wakati jikoni kuna lililo tayari.

Kosa kubwa zaidi limo katika maneno “gramafoni ya mwendo wa moja kwa moja”. Msomaji wa kawaida ataelewa kwamba mashine hiyo haisimami, au kwamba inakwenda mstari ulionyooka, jambo ambalo kwa kitu kinachozunguka ni ajabu. Kinachokusudiwa ni kwamba mhimili wa sinia ndio mhimili wa mota. Mota yenyewe huzunguka mara 33⅓ au 45 kwa dakika, sawasawa na santuri. Baadhi ya wenzetu walipendekeza “gramafoni isiyo na ukanda”. Hatukubaliani nao. Ziko gramafoni ambazo mota yake husukuma ukingo wa sinia kwa gurudumu la mpira. Hizo pia hazina ukanda, lakini ni za jamii nyingine kabisa. Kitu kikiitwa kwa kile kisichokuwa nacho, jina lake litavikumbatia na vingine. Sisi tunaona afadhali kusema gramafoni ya mhimili wa mota.

Hapa ndipo penye sumaku. Gramafoni ya kwanza ya aina hii kuuzwa sokoni, SP-10 ya Technics, ilitoka Japani yapata mwaka 1970. Katika SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, sumaku ya mota imefungwa kwa skurubu chini ya sinia lenyewe, na koili zimebaki katika kitako cha mashine. Sinia hilo, basi, ni nusu ya mota. Mfasiri ameandika: “Ondoa sahani ya zamani, weka mpya.” Fundi mtiifu ataondoa sinia pamoja na sumaku yake, ataliweka kabatini, na koili zitabaki bila kitu cha kusukuma. Sinia la namna hii lingeitwa sinia la sumaku, hatari hiyo ingeonekana katika jina.

Liko pia suala la uzito. Tafsiri inadai kwamba “uzito usibadilike”. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya akriliki haizidi sana 1.19. Mtu akikereza umbo lile lile atapata sinia lisilofikia nusu ya uzito wa awali, kwa hiyo ataongeza unene. Lakini mitambo inayodhibiti kasi imepangwa kwa inesha, yaani ukaidi wa kitu kubadili mwendo wake, na katika kitu kinachozunguka gramu iliyoko ukingoni ina nguvu kuliko gramu iliyoko katikati. Masinia mawili yenye uzito mmoja yaweza kutofautiana sana kwa inesha. Kuandika “uzito” mahali pa “inesha” ni kurahisisha kunakopotosha. Zaidi ya hayo, unene huinua santuri, na mkono wa sindano katika mashine tuliyoitaja huweza kupandishwa milimita 6 tu.

Kuhusu “kioo kisichovunjika”, jina alilolipa akriliki, hatutasema mengi: si kioo, na huvunjika. “Plastiki” nalo halitoshi, maana santuri zenyewe siku hizi ni plastiki. Akriliki na litumike.

Kwa istilahi hizi agizo lingesomeka: “Fungua skurubu, toa sumaku chini ya sinia la alumini, uifunge katikati kabisa ya sinia la akriliki, kwa kimo kile kile.” Sentensi imekuwa ndefu kuliko ya mfasiri. Tunangoja maoni ya walimu wa ufundi, hasa juu ya neno sinia, kabla halijapelekwa mbele ya kamati.