Rutuba ya Kihamba Hupandishwa Kichwani

Mgeni anayefika Materuni au Marangu kwa ziara ya kahawa hutwanga buni kwenye kinu, huzikaanga kwa moto wa kuni, hunywa kikombe chake, basi. Ziara nzuri, ila inaanzia mwishoni. Kahawa iliingia Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 ikaukuta mgomba ni mwenyeji wa siku nyingi, na kihamba, yaani shamba la Wachagga linalozunguka nyumba, tayari kinafanya kazi.

Kihamba hupandwa kwa tabaka. Juu kuna miti kama mringaringa na mruka. Huu wa pili ni wa jamii ya mikunde, hivyo huongeza naitrojeni ardhini. Chini yake migomba, kisha mibuni, halafu magimbi na mboga. Mbuni wa arabika huvumilia kivuli, ndiyo maana uliweza kupenyezwa bila mgomba kung'olewa.

Lakini tabaka hizo zingechoka zamani kama si zizi. Ng'ombe wa kihamba hachungwi. Hufungiwa na kuletewa chakula. Sehemu ya majani anayolishwa hukatwa tambarare na kupandishwa mlimani, mara nyingi na wanawake, mzigo kichwani. Samadi ikishamwagwa kwenye mashina ya migomba, rutuba ya tambarare imehamia juu. Kila mkungu unaovunwa umebebwa kwanza na shingo ya mtu, na sijaona ziara inayolitaja hilo inavyostahili.

Kisha maji. Mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga, huchepushwa kutoka kijito cha juu na kupitishwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana: ukizidi, maji yanachimba udongo, ukipungua, tope linaziba. Watumiaji hunywesha kwa zamu, na kuuzibua ni kazi ya wote.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa vihamba wa kijiji cha Shimbwe Juu, Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Sifa hiyo haizibui mfongo. Vijana wanahamia mijini, vihamba vinagawanywa vipande kwa urithi, na mikono ya kubeba majani inapungua.

Ndiyo maana nasema njia ya mgeni ianzie kwenye banio la mfongo, ipite zizini, ndipo ifike kwenye kinu. Na fungu la kiingilio, lililokubaliwa kwenye mkutano wa kijiji, liwalipe wanaouzibua mfongo na wanaokata majani.