Sifa za Mkono Unaorusha Ndege

Kijana ninayemtazama kando ya mashamba ya miwa hapa Butali ameyachonga mabawa ya ndege yake kwa foamu iliyofungia televisheni. Ameyachonga vizuri, ila macho yangu yamenasa kwenye vidole gumba vyake juu ya rimoti. Kijiti cha kushoto kinashika mwendo na usukani wa mkia. Cha kulia kinainua pua na kulaza bawa. Mwenzake amezoea mpangilio mwingine: mwendo kulia, pua kushoto. Wakibadilishana rimoti, kila mmoja anarudi kuwa mwanafunzi, maana elimu hii makao yake ni mkononi.

Sisi tuliokulia Kabras tuliionja kwenye gari la waya. Magurudumu tuliyakata kwenye kandambili kuukuu, na waya mrefu ulipanda hadi kifuani, ukapindwa juu kuwa usukani. Tulikimbia nyuma ya gari kwenye njia za matrekta ya miwa, tukinguruma kwa midomo, na usukani tuliuzungusha kabla ya kulifikia shimo. Hakuna aliyetufunza, mkono ulijisomea ardhi. Na kwa kuwa tulikuwa nyuma siku zote, kushoto kwetu kulikuwa kushoto kwa gari.

Ndege haikupi nafuu hiyo. Ikigeuka kukurudia, kushoto kwake ni kulia kwako. Wanaoanza hufundishwa kusukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka, nalo likainuka. Aliyeiva hahitaji kanuni hiyo: amesimama nyasini, lakini fikira zake zimekaa kwenye kiti cha rubani.

Mapacha Walter na William Good wa Marekani walilipia ujuzi huo kwa jasho. Mwaka 1937 walirusha ndege yao, Guff, kwa redio waliyoiunda wenyewe.

Leo ndege ndogo zinauzwa zikiwa na jairo inayosawazisha mabawa, na droni ukiiachia vijiti inasimama hewani ikikungoja. Zina kazi zake, sikatai. Lakini mtoto aliyeanzia hapo hajawahi kuujibu upepo kwa mkono wake. Hata gari la waya limeadimika vijiani. La plastiki linajiendesha mpaka betri iishe, mtoto akiwa mtazamaji tu. Tumewanunulia watoto vyombo visivyowahitaji, kisha tunanung'unika kwamba kizazi hiki hakina mikono ya kazi.